Mlango Uliokaribisha Wawili

Kazini walimwita Sikio, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Hakulichukia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu akizungumza naye, kama kuku aliyehisi kivuli cha mwewe. Wageni walidhani ni dharau. Waliomzoea walijua anasikiliza kilicho nyuma ya maneno: pumzi, mate yanayomezwa, kiti kinacholia chini ya mtu anayedanganya. Mumewe wa zamani alimwacha bila ugomvi. Alisema tu kwamba kuishi na mwanamke wa namna hiyo ni sawa na kulala kituo cha polisi.

Alikaa peke yake kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Hakuwa na redio wala televisheni, na Jumapili alichomoa hata friji, ili nyumba ipumzike. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na tangu utotoni Sikio aliweza kujua, kwa mlio wa cherehani tu, kama mama amekasirika, ana njaa, au anashona huku analia. Mama alipofariki, Sikio ndiye aliyemlea mdogo wake wa mwisho, ambaye mpaka leo, na ndevu zake na mabega yake, anaitwa Kitinda.

Kazi ya Sikio ilikuwa kusikiliza hewa. Ofisi yao ndiyo iliyogawa mawimbi ya redio, kusema nani arushe wapi, na yeye alizunguka mitaani na gari la vipimo, lenye antena juu ya paa iliyofanana na mgongo wa samaki aliyekwisha kuliwa. Miaka ya nyuma televisheni zilirushwa kwa mawimbi yanayonaswa na antena za juu ya nyumba. Watu walipohamia kwenye ving'amuzi, mawimbi yale ya zamani yakabaki wazi, kama nyumba iliyohamwa na wapangaji. Ikaamuliwa kwamba chumba kimojawapo, yaani chaneli, kilicho kizuri, chenye sauti inayopenya kuta na kushuka hadi vyumba vya chini ya ardhi, wapewe zimamoto, magari ya wagonjwa na polisi, ili wawe na mahali pa kuitana bila kuingiliwa na mtu.

Lakini mpangaji akihama huacha misumari ukutani. Sikio ndiye aliyeing'oa. Alikuta vipaza sauti vya kumbi za sherehe, redio za mabawabu, vyombo vya kusikilizia watoto wachanga, vyote vikirusha mahali pasipo pao. Alikwenda mpaka kwenye mlango, akabisha, akaeleza kwa upole. Mzee mmoja aliwahi kumwambia kwamba hewa ni ya Mungu. "Ni ya Mungu, baba," Sikio alimjibu, "lakini hata kwake kuna bawabu."

Chaneli ikisafika, akaisikiliza asubuhi, mchana na jioni bila kusikia kitu isipokuwa ule mchanga laini unaomwagika masikioni wakati hakuna mtu, alisema neno moja: tupu. Ofisini kulikuwa na mashine za kuchora mawimbi kwa rangi, lakini mkuu wao hakumkabidhi mtu chaneli mpaka Sikio aseme neno hilo.

Hii chaneli ya zimamoto aliitaka kuliko zote, na sababu yake ilikuwa Kitinda.

Kitinda alikuwa mzimamoto. Kikosi chao kilikuwa bado kinatumia chaneli ya zamani, ambayo waligawana na kampuni za teksi na walinzi wa majengo. Mwaka uliopita, ghala la magodoro lilipowaka, mwenzake wa zamu, ambaye walimwita Pacha kwa kuwa hawakuachana, alipotea kwenye moshi ghorofani. Aliita kuulizia njia. Waliokuwa nje walichosikia kwenye redio zao ni dereva wa teksi akiuliza kama yule abiria wa masanduku mawili ameshafika getini. Pacha alikutwa hatua chache kutoka kwenye ngazi.

Tangu siku hiyo Kitinda alikuja kula kwa dada yake bila kuzungumza. Alikuwa akikiweka kijiko chini taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu. Siku moja tu alifungua mdomo.

"Dada, nipe chaneli ambayo nikiita nasikika. Sikuombi kingine."

Akaahidi. Na ilikuwa karibu kuwa tayari, mpaka ile sauti ilipoanza.

*

Aliisikia mara ya kwanza wakiwa wameegesha kando ya karakana ya vitanda vya chuma, jua limesimama utosini. Mchanga ulikuwa ukimwagika masikioni kama kawaida. Kisha, bila mlio wa kufungua wala wa kufunga, mwanamke akasema:

"Karibu. Karibu ndani."

Mchanga ukarudi.

Ilikuwa sauti ya msichana, tamu, yenye tabasamu ndani yake. Ndiyo iliyomsumbua Sikio. Watu kwenye redio huita, hubishana, hupiga kelele. Huyu hakuwa akimsemesha mtu yeyote, na bado alikuwa anatabasamu.

Dereva wake alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyeitwa Mzee Taratibu kwa sababu hata wagonjwa wa miguu walimpita barabarani. Sikio alimpa hedifoni akasubiri naye. Sauti ilirudi alasiri. Mzee Taratibu akazivua hedifoni na kuziweka mapajani.

Akasema huyo anatafuta mchumba, aambiwe kwamba yeye tayari ana mke na anamtosha mpaka amezidi. Lakini baada ya kuwasha gari akaongeza, bila kumtazama, kwamba mama yake aliwafundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike.

"Hajaniita," Sikio alisema. "Amenikaribisha."

"Ndiyo mbaya zaidi, mwanangu. Anayekuita anaweza kuja kwako. Anayekukaribisha anataka wewe uende."

Siku zilizofuata waliiwinda. Haikuwa rahisi. Antena ya gari ilihitaji muda kuonyesha sauti inatoka upande gani, na sauti yenyewe ilidumu kiasi cha kumeza mate. Ilikuja asubuhi, ikaja tena alasiri, nyakati ambazo watu huenda kwenye shughuli zao na kurudi. Wakati mwingine ilikaa kimya siku nzima. Kila ilipokuja waliokota kipande kidogo cha mwelekeo, wakasogea mtaa mmoja, wakasubiri. Sikio alianza kuisikia hata mahali isipokuwepo: kwenye maji yanayochuruzika bombani, kwenye bawaba ya kabati. Alipofika nyumbani kwake jioni alikuwa akisimama kidogo kizingitini kabla ya kuingia, akiwa ameinamisha kichwa, na alijionea aibu.

Mkuu wake hakuwa na subira. Siku ya majaribio na zimamoto ilikuwa imepangwa, wageni wamealikwa. Sikio alipomwambia chaneli haijasafika, mkuu alicheka, akampiga begani. "Sikio halizidi kichwa," alisema. "Kichwa kimesema tunajaribu kesho."

Walijaribia kwenye uwanja wa kikosi, kati ya magari mekundu yaliyooshwa. Redio mpya ziligawiwa. Kitinda aliteuliwa kusema neno la kwanza.

Hapa inafaa kueleza desturi yao. Mzimamoto wa kikosi kile akifika kwenye mlango wa nyumba inayoungua, kabla hajavuka kizingiti, husema kwenye redio, "Hodi." Waliobaki nje hujibu, "Tunakusikia." Hawasemi kamwe neno lile jingine, ambalo ulimi wa kila mtu umezoea kulitoa ukisikia hodi. Moto hauna ukaribisho. Akitokea mgeni kikosini likamponyoka, yule wa mlangoni hurudi nyuma na kumpisha mwenzake aingie badala yake, na hakuna anayemcheka.

Kitinda alibonyeza kitufe. "Hodi."

Na kabla kamanda hajajibu, redio zote uwanjani, zile za mikononi na zile za kwenye magari, zikasema kwa pamoja, kwa tabasamu:

"Karibu. Karibu ndani."

Hakuna aliyesogea. Mzimamoto mmoja mkubwa, mwenye shingo kama gogo, aliinama akaiweka redio yake chini polepole, kama mtu anayeweka yai bovu. Mkuu wa Sikio akasema ni mwangwi. Kamanda wa kikosi alizikusanya redio mwenyewe. Akasema vijana wake wataendelea na chaneli ile ya zamani.

"Ile ya teksi?" mkuu akauliza.

"Hata teksi. Teksi haimwambii mtu wangu aingie."

Kitinda alimvuta dada yake pembeni, nyuma ya tangi la maji. Alimwambia aitafute ile sauti. Alimwambia kwamba ile ya zamani ilimwua Pacha, na wanarudishwa huko huko.

*

Walipapata sauti inakotoka wiki ile ile, kwenye barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mshale wa mashine uligeuka ukasimama, ukiwa umeelekea kwenye jengo la ghorofa mbili lenye madirisha yaliyopakwa chokaa kwa ndani.

Lilikuwa duka kubwa la nguo. Mwenye mali alikufa, warithi wakafikishana mahakamani, na mlango ukafungwa. Jirani aliyeuza mabomba na masinki alimweleza Sikio yote hayo huku akipangusa vumbi kwenye bomba moja na kidole. Alisema humo ndani hakuna mtu. Panya, pengine, na siku moja moja mrithi anayekuja kuangalia kama mrithi mwenzake amekufa. Umeme? Umeme upo, alisema. Tangu enzi za marehemu nyaya za majengo mawili zilichanganywa, na hakuna aliyejisumbua kuzitenganisha. Kufuli la mbele limeshikana kwa kutu, lakini nyuma, uchochoroni, kuna mlango mdogo waliopitia wateja wa mtaa wa pili, sasa umezuiwa kwa jiwe.

Mzee Taratibu akabaki garini na hedifoni masikioni, barabarani mbele, mahali asipoweza kuuona uchochoro. Walikubaliana: Sikio akikizima chombo, mzee atasikia chaneli ikinyamaza.

Jiwe lilikuwa jeusi na laini juu, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Chini yake, kwenye saruji, palikuwa na mkwaruzo mweupe uliojipinda nusu duara, mahali lilipokuwa likiburutwa. Sikio aliuangalia mkwaruzo ule. Akasukuma jiwe, akaingia.

Ndani kulikuwa na mwanga, na pengine ingekuwa afadhali kungekuwa na giza. Jua lilipita kwenye chokaa ya madirisha likawa kama maziwa, likamwagika juu ya kila kitu sawasawa, bila kivuli. Sanamu za kuvishia nguo zilisimama karibu na mlango kwa makundi, nyingine na magauni, nyingine uchi, vumbi limezifunika mabega kama shali. Nyuso zao hazikuwa na macho. Vioo virefu vilimwonyesha Sikio akija kutoka pande tatu.

Na kulikuwa kimya. Aliusikiliza ukimya ule kitaalamu, kama daktari anavyosikiliza kifua. Juu ya mlango alioingilia kulikuwa na kijicho chekundu kinachotambua mtu anayepita, na pembeni mwa dari spika nne zilizopasuka, nyaya zimening'inia. Akaelewa. Zamani mteja alipoingia, kijicho kilimwona, kikakiambia chombo fulani, chombo kikarusha sauti iliyorekodiwa hadi kwenye spika za ghorofa zote: karibu, karibu ndani. Spika zilikufa. Chombo hakikufa. Kwa hiyo sasa mtu akiingia, duka halikusema kitu, ila hewa ndiyo iliyosema, nje, kwa yeyote mwenye sikio la kuisikia.

Alikikuta chini ya kaunta, nyuma ya mafurushi ya mifuko ya karatasi. Kisanduku cha rangi ya kahawia, chenye joto kama mnyama aliyelala. Ilimbidi apige magoti, kichwa kiwe ndani ya rafu, mkono upapase soketi ukutani. Feni yake ndogo ilikuwa ikivuma mbele ya uso wake. Alichomoa plagi. Feni ikapumua, ikazunguka kidogo, ikatulia.

Akakibeba kwapani akarudi alikotoka. Alipopita kwenye sanamu za mlangoni, kuna kitu kilimgusa jicho, kama unavyopita ukutani ukajua picha imepinda kabla hujaitazama. Sanamu moja, iliyosimama nyuma ya nyingine, yenye koti refu na kitambaa kichwani, haikuwa na vumbi mabegani.

Hakusimama. Miguu yake haikutaka kusimama. Alitoka, akalisukuma jiwe mahali pake, akatembea uchochoroni bila kukimbia, kwa sababu alihisi kwamba akikimbia, kitu fulani kitakuwa kweli.

Mzee Taratibu alikuwa anatabasamu. "Umekaribishwa kama bibi harusi," alisema. "Mara mbili."

Sikio akakishikilia kisanduku. "Mara mbili?"

"Ulipoingia. Halafu baada ya muda kidogo tena. Halafu kimya."

"Niliingia mara moja tu, mzee."

Tabasamu la mzee lilitoweka kidogo kidogo. Akasema labda mashine imejikanyaga. Wakaenda wote wawili hadi mdomo wa uchochoro, wakaangalia. Alipita paka, alipita mtu na baiskeli, hakupita mwingine. Kisha simu ya Sikio ikalia. Alikuwa mkuu wake, anataka kujua.

Alimwambia msumari umeng'olewa. Akamwambia pia kwamba mle ndani pengine kuna mtu. Mkuu akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, wala si mbaya: "Sisi tunapima hewa. Hatupimi nyumba. Chaneli vipi?"

Sikio alisikiliza mchanga ukimwagika.

"Tupu," alisema.

*

Zimamoto waliichukua. Kamanda alisita, lakini Kitinda alisema hodi siku mbili mfululizo na hewa haikumjibu kitu, na yule mwenye shingo kama gogo akakubali kuishika tena redio yake. Sikio aliachiwa redio moja garini kwa kipindi cha majaribio, asikilize kama kuna anayeingilia. Mkuu alimpa kwa sharti. Asibonyeze kitufe. Chaneli ile ni ya watu walio hatarini, na yeye yupo pale kusikia tu. "Sikio halina mdomo," alitania, na ofisi nzima ikacheka, naye akacheka.

Kitinda alianza kuzungumza tena mezani. Sikio alipaswa kulala vizuri. Badala yake alikuwa anaota mabega: mabega yenye vumbi, mstari baada ya mstari, na moja safi. Alipanga kurudi. Kila siku kulikuwa na kazi nyingine upande mwingine wa mji, na kila siku alishukuru kimoyomoyo kwamba ipo. Kisanduku kilikaa sakafuni mwa gari, kwenye miguu yake. Mzee Taratibu alikifunika kwa gunia.

Duka la mabomba lilishika moto alasiri moja, kwenye nyaya, na moto ukavuka ukutani kabla muuzaji hajamaliza kutoa masinki yake nje. Sikio na mzee walikuwa mitaa michache kutoka pale. Walisikia yote kwenye redio, safi kama mtu anayezungumza chumba kimoja nawe: magari yanafika, mipira inavutwa, kamanda anauliza majirani. Kisha sauti ya kamanda:

"Jengo la pili tupu. Limefungwa miaka. Hakuna anayeingia, tunapiga maji kutoka nje."

Neno lake, likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Mzee Taratibu alikwisha kuwasha injini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udereva aliwapita watu.

Sikio akabonyeza kitufe.

"Jengo la pili si tupu."

Kamanda akauliza ni nani anayezungumza.

"Gari la vipimo. Kuna mtu ndani. Mlango wa nyuma, uchochoroni."

"Umemwona?"

Alifikiria koti refu, kitambaa, bega lisilo na vumbi. "Niliingia peke yangu," alisema, "na mlango ukakaribisha wawili."

Mtu mwingine yeyote angemwona mwendawazimu. Lakini wale walikuwa wameisikia ile sauti uwanjani kwao, na Kitinda alikwisha kusimuliwa na dada yake habari za mara ya pili. Ilisikika sauti ya viatu vinavyokimbia kwenye saruji, pumzi ndani ya barakoa, jiwe likiburutwa.

"Hodi," Kitinda alisema.

"Tunakusikia," alijibu kamanda.

Gari la vipimo lilikuwa linakata kona. Moshi ulionekana sasa, umeegemea paa kama mtu aliyechoka. Na kwenye redio, katikati ya mchanga, kwa mbali, ikaja:

"Karibu."

Mzee Taratibu akakanyaga breki.

"Karibu ndani."

Ilikuwa sauti ile ile. Tabasamu lilikuwamo, ila sasa lilikuwa limepasuka katikati, kama kombe la zamani. Hapo hapo kamanda akapaza sauti: rudi nyuma, rudi, chaneli imeingiliwa, wote watoke mlangoni. Sikio alisikia pumzi za mdogo wake zikikatika. Alijua amesimama kizingitini na mguu mmoja hewani. Kikosi kizima kilikuwa kikingoja arudi nyuma, na desturi ilimtaka arudi, na kwenye ile chaneli aliyoisafisha kwa mikono yake mwenyewe, yeye peke yake ndiye aliyejua kitu kimoja.

Aliinama akalivuta gunia. Kisanduku kilikuwa pale, baridi, plagi yake imelala kando kama mkia.

"Kitinda," alisema. Haikuruhusiwa kutaja mtu kwa jina la nyumbani. "Mashine ninayo mimi. Iko miguuni kwangu, imezimwa. Hiyo haitoki hewani. Imeingilia kwenye redio yako wewe, kutoka humo humo ndani. Huyo ni mtu, mdogo wangu. Mfuate."

Kilisikika kishindo kimoja cha kiatu, kisha kitufe kikaachiwa.

Ukimya uliofuata aliujua vizuri. Ndio aliotafuta miezi yote ile: safi, wa kina, bila teksi, bila bawabu, bila kipaza sauti cha mtu. Ameutengeneza mwenyewe, msumari baada ya msumari. Sasa aliusikiliza akauona ulivyo, chumba kikubwa kisicho na ukuta wa nyuma, na mtoto aliyemlea ameingia humo kwa neno lake. Mzee Taratibu alikuwa akisogeza midomo. Vioo vya madirisha ya duka vilianza kupasuka kimoja kimoja.

Kisha kikohozi. "Ninaye," alisema Kitinda. "Ninatoka naye."

*

Alikuwa mwanamke mzee, mwepesi kiasi kwamba Kitinda alimbeba kwa mkono mmoja. Walimkalisha kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, barakoa ya hewa usoni, koti lake refu likifuka moshi. Watu wa mtaa walisogea kumtazama. Muuza mabomba aliapa kwamba hajawahi kumwona. Fundi viatu wa pembeni akasema yeye amemwona kila siku, alidhani ni mama yake muuza mabomba.

Sikio alimwendea akachuchumaa mbele yake. Mwanamke akaivuta barakoa chini, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyechukua sauti yangu," alisema.

Sikio akageuka kulitazama gari la vipimo.

"Nilikuona. Nilisimama nikakuangalia unaondoka nayo." Hakukuwa na lawama, alikuwa anaeleza tu. Alisema alikuwa muuzaji wa kwanza wa duka lile, na marehemu ndiye aliyemwomba aseme yale maneno kwenye mashine, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri.

"Spika zilikufa zamani, mama," Sikio alisema mwishowe. "Ilikuwa haisikiki."

"Najua haisikiki. Lakini ilikuwa inasema."

Sikio akaenda garini, akakileta kisanduku, akakiweka mapajani mwa yule mwanamke. Mwanamke aliuzungusha waya juu ya kisanduku, mzunguko juu ya mzunguko, akauchomeka ncha kwa unadhifu, kama anayemfungashia mteja. Wahudumu wakampandisha garini, wakamfungia milango wakaondoka naye.

Moto ulikuwa umeshuka. Maji meusi yalitiririka uchochoroni, yakizunguka lile jiwe. Kamanda alisimama mbele ya mlango mdogo, redio mkononi, uso wake umejaa masizi. Alimtazama Sikio kwa muda, kama mtu anayetaka kugomba na amesahau kuhusu nini. Alitaka kufunga kazi, vijana wamechoka, paa linaweza kushuka muda wowote jioni ile. Lakini alimwuliza yeye.

"Vipi sasa? Tupu?"

Sikio aliinamisha kichwa. Matone yalikuwa yakidondoka ndani. Mbao zilizoungua zilikuwa zikijinyoosha. Nyuma ya hayo kulikuwa na kimya, na alikisikiliza kama alivyosikiliza maelfu ya vimya maishani mwake. Alifungua mdomo alitoe lile neno lake, neno lililokuwa riziki yake, na likakataa kutoka.

"Kitinda," alisema, "rudi mlangoni. Piga hodi tena."

Mdogo wake aliipandisha barakoa usoni na hakumwuliza kwa nini.